Maji Yalipomkimbia Bibi Nasib

Kila siku akitoka shule, Simrat alipitia kwanza kwa Bibi Nasib, jirani yao, kabla hajafika kwao. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jua la kiangazi huku kwetu Punjab, kaskazini mwa India, haliulizi umri wa mtu. Uani kwa Bibi Nasib, karibu na zizi la nyati wake wa maziwa, palikuwa na bomba la mkono lenye maji baridi kuliko bomba lolote kijijini. Watoto walipanga foleni hapo, mifuko ya shule mgongoni, na bibi huyo akiwa amekaa juu ya kitanda cha kamba akimenya vitunguu saumu. Hakuna aliyeruhusiwa kunywa kabla ya kitendawili.

"Ukimshika mkono analia, ukimwachia ananyamaza. Nani huyo?"

"Manraj akiwa kwa daktari wa meno," Simrat alijibu.

Wote walicheka, na Manraj mwenyewe, binamu yake, akacheka pia. Jibu lilikuwa ni bomba lile lile, na walilijua tangu darasa la kwanza.

Bibi Nasib alikuwa mjane. Mwanawe aliendesha malori mikoa ya mbali, akionekana nyumbani kwa nadra. Kipande chake cha shamba kilikuwa kidogo, amepanda bamia na pilipili, na alikimwagilia kwa mota ndogo ambayo bomba lake halikwenda chini sana. Ng'ambo ya njia palikuwa na majaruba ya mpunga ya Balkar, baba yake Simrat. Mota ya Balkar ilikuwa kubwa na bomba lake lilizama mbali ardhini.

Umeme wa mashamba kwetu huja kwa zamu, leo mchana, kesho usiku, na mkulima hawezi kukaa akiungoja. Kwa hiyo karibu kila mmoja amefunga swichi ya kujiwasha. Nami nawategea changu hapa, wasomaji wangu: mfanyakazi gani huamka umeme ukiamka, hulala umeme ukilala, wala hajui kama kazi imekwisha? Ni swichi hiyo. Maji yajae, yamwagike, yafike barabarani, yenyewe inavuta tu.

Mwanzoni mwa msimu Bibi Nasib alikuwa amemwendea Balkar, akamwambia kwamba ile mota kubwa ikivuta kutwa kucha, maji yanashuka ardhini, na mota ndogo ya kwake inaanza kukohoa. Balkar aliahidi kwamba majaruba yakijaa, swichi itazimwa. Kazi hiyo akampa Simrat.

Basi zikafika zile siku za kugawa maji matamu. Kwetu, joto linapokuwa kali zaidi, tunasimama kando ya barabara kuu kumkumbuka Guru wetu, kiongozi wa dini yetu ya Kisikh, aliyeteswa kwa moto, na kila apitaye tunampa kikombe cha maji yaliyochanganywa na maziwa, sukari, sharubati ya waridi na barafu. Hatuulizi dini wala jina. Watoto huzipenda siku hizo kupita kiasi, na maji yenyewe mwaka ule, kama miaka yote, yalichotwa kwenye bomba la Bibi Nasib.

Siku ya kwanza, Simrat alipita shambani akakuta majaruba yamejaa hadi kwenye kingo. Kibanda cha mota kilikuwa mwisho kabisa wa shamba, na juu ya mlango wake manyigu walikuwa wamejenga. Alisita. Manraj alimpita kwa baiskeli akamwuliza anangoja nini.

"Nakwenda kuzima swichi."

"Umeme wenyewe haupo. Unakwenda kuzima kitu kilichozimika? Njoo wewe, barafu inayeyuka."

Simrat alipanda nyuma ya baiskeli. Alasiri ile umeme ulirudi, na mota ikajiwasha.

Kule barabarani aliwapa maji madereva wa malori, abiria wa mabasi, hata polisi mmoja aliyerudi mara ya pili akijifanya ni mgeni. Wazee walimsifu, na alijiona mwema kuliko watoto wote wa kijiji. Jioni baba yake alimwuliza kama amezima swichi. Akasema amezima. Siku iliyofuata alisema vilevile, na siku zote za sherehe zile hakukanyaga kibandani.

Sherehe zilipokwisha, watoto walirudi kwa Bibi Nasib. Manraj alisukuma mpini wa bomba, nao ukashuka mwepesi, bila uzito wowote. Alisukuma tena na tena. Kilichotoka ni pumzi tu. Bibi Nasib hakuwategea kitendawili. Aliwaambia kwamba hata mota yake ndogo imeungua, maana ilikuwa ikivuta hewa.

Jioni hiyo alikuja kwa Balkar. Hakuja kwa ugomvi. Alisimama mlangoni, shela kichwani, akakataa hata kikombe cha chai.

"Balkar mwanangu, mota yako imezimwa siku hizi?"

Balkar alimgeukia binti yake. "Simrat, uliizima?"

"Niliizima, Baba."

Bibi Nasib alimtazama, kisha akatikisa kichwa polepole. "Mtoto akisema amezima, basi amezima. Labda maji yamenichoka." Akaenda zake.

Simrat hakula chapati zake usiku ule. Angetukanwa ingekuwa afadhali.

Tangu hapo Bibi Nasib alibeba ndoo kutoka kwenye bomba la gurdwara, nyumba yetu ya ibada, akipumzika kila baada ya hatua chache. Yale maji yalimtosha yeye na sufuria zake tu. Bamia zilianza kuinama. Nyati anakunywa sana, na kwa joto lile lazima aogeshwe. Asubuhi moja Simrat alimwona mtu mgeni zizini akimpapasa yule nyati mgongoni na kumfunua mdomo kutazama meno, na Bibi Nasib amesimama pembeni akiangalia upande mwingine.

Simrat alikimbia mpaka kwenye majaruba. Baba yake alikuwa ameinama, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu.

"Baba, sikuizima. Hata siku moja. Nilikudanganya."

Balkar alikaa kwenye ukingo wa jaruba. Simrat alingoja kofi, lakini halikuja.

"Niliyaona maji yakimwagika hadi barabarani," Balkar alisema. "Nikajiambia, mpunga unapenda maji. Nilikuuliza ili unijibu vile ulivyonijibu."

Waliondoka pamoja. Balkar alimwomba yule mnunuzi aende zake, akamwambia Bibi Nasib kila kitu, lake na la mtoto. Siku hiyohiyo aliing'oa swichi ya kujiwasha, akavusha mpira wa maji kutoka kwenye mota yake hadi kwenye bamia na zizi. Pilipili zilikuwa zimekwisha kufa. Bamia ziliokolewa nusu. Akaahidi kwamba msimu ujao sehemu kubwa ya shamba itakuwa mahindi, yasiyonywa maji kama mpunga, na alitimiza, ingawa majirani walimwuliza kama sasa ameamua kufuga kuku, maana mahindi mengi ya kwetu huishia kuwa chakula cha kuku.

Lile bomba la mkono ndilo halikurudi. Fundi alilifungua akalifunga, akasema maji yamekwenda chini lisikoweza kufika. Simrat alisikia, akaanza kulia.

Bibi Nasib alimketisha karibu naye.

"Mjukuu wangu, nilipoolewa hapa tulichimba kwa jembe tukaona maji. Siyo wewe peke yako uliyeyashusha. Ni mpunga wetu sote, na mota zetu sote, na kila mtu akisema ya jirani ndiyo kubwa. Tuliwapa wapita njia maji kwa vikombe, huku tukiyamwaga kwa mapipa. Wewe ukiona yametosha, zima, hata kama wenzako hawazimi. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ungesema mapema, pilipili zangu zingekuwa hai."

Simrat alifuta uso, akamwomba radhi. Kisha akaenda kusimama kwenye bamia, akiangalia maji yakipita kutoka tuta hadi tuta. Udongo wa tuta la mwisho ulipolowa, alimpungia baba yake mkono azime.