Tumbo Lisilo la Paka

Asubuhi ile Damaris alimpa paka omena, dagaa wa ziwani, wa kuchemsha, bila chumvi wala mafuta, kama daktari alivyoagiza. Paka akala, akalamba bakuli. Kisha akajikunja karibu na mlango, tumbo likapanda na kushuka, akatapika. Damaris alikuwa ameshazoea. Alichukua majivu na kitambaa, akainama asafishe, mkono ukaishia hewani. Sakafuni hapakuwa na omena. Palikuwa na githeri, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, punje nzima nzima.

Githeri si kitu cha kumshangaza mtu, ilimradi iko kwenye sahani. Lakini paka hali mahindi, na ndani ya nyumba ile githeri haikupikwa tangu Chrispine afe.

Chrispine alikuwa mumewe. Masara ni mji wa mashimo: watu huingia ardhini asubuhi kutafuta dhahabu na hutoka jioni wakiwa wekundu kwa udongo, isipokuwa wale wasiotoka. Chrispine hakutoka. Shimo liliporomoka akiwa chini peke yake, na kopo la githeri alilofungiwa na mkewe, na mshumaa wa kupimia hewa. Wenzake walichimba kumtafuta. Walikuwa bado wanachimba wakati Cliff, kaka yake mkubwa, alipofika kutoka kwao Rusinga.

Rusinga ni kisiwa cha ziwani, na watu wa kisiwani wanajua sana kifo cha maji. Mvuvi akizama, hungojwa aelee. Asipoelea, ukoo hutafuta yago, lile tunda refu, zito kama mtoto, linaloning'inia mtini kwa kikonyo kama kamba. Hulivisha shuka, hulililia, hulizika badala ya mwili, maana marehemu asiye na kaburi hana kwao. Ni desturi ya heshima, na Cliff aliifuata kwa heshima zote. Alizihesabu siku kama zinavyohesabiwa ziwani, zikaisha, akamzika ndugu yake kwa umbo la yago pale bomani. Kisha akawapigia simu wachimbaji waache kuchimba. Mtu mmoja hazikwi mara mbili. Anayethubutu hujiletea chira, laana inayofuta watoto nyumbani. Alimuuliza Damaris kama amekubali, naye Damaris, aliyekuwa amelia mpaka sauti ikamwisha, aliitikia kwa kichwa.

Wachimbaji wakaacha.

Mvua kubwa ilipokuja, ikalichimba shimo lile pembeni na kufungua ufa mwembamba. Damaris alikuwa anapita na birika la chai ya kuwauzia vijana wa kusaga mawe aliposikia kilio ndani ya ufa, na paka akatoka, ngozi na mifupa, amepakwa udongo hadi kope. Wanawake wenzake walimwambia amwache, mnyama wa shimoni si wa kuingizwa nyumbani. Damaris alimfunga kwenye leso. Vijana wakamwita paka Dhahabu, wakisema ndiyo dhahabu pekee iliyowahi kutoka kwenye shimo lile. Damaris alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu matanga, na kuanzia hapo alijiambia kwamba huyu hatakufa. Mmoja alimshinda. Huyu hatamshinda.

Lakini Dhahabu alikuwa na tumbo baya. Alikula kama mvunja kuni na hakunenepa hata kidole. Kilichokosa kutoka kwa juu kilitoka kwa chini, na Damaris alifua vitambaa mpaka vidole vikachubuka. Alimpeleka Migori mjini kwa Gichana, daktari wa mifugo, mtu mwema aliyezoea ng'ombe na aliyemshika paka kama mtu anayeshika simu ya mwingine.

"Hii paka iko na minyoo," alisema Gichana.

Dawa ya minyoo ikaisha. Damaris akarudi.

"Basi ni tumbo imechafuka. Mpatie omena ya kuchemsha, kidogo kidogo. Na umfungie ndani, mama, asiokote takataka."

Akamfungia ndani. Na ndani, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, ndipo paka alipotapika githeri.

Damaris hakumwambia mtu. Alijisemea ni jirani aliyemwaga, ni panya walioleta, ni macho yake. Siku iliyofuata, saa ya jua kali, nyumba ya mabati ikiwa inatokota, alisikia harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini kabisa ambao haujawahi kuona jua, na ndani yake harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Paka akajikunja. Safari hii akatoa vipande vyeupe, vigumu, vyenye alama za meno. Damaris alikiokota kimoja, akakisugua kwa kidole. Ilikuwa nta. Alama za meno zilikuwa pana, si za paka.

Ndipo akamwita Pamela, jirani yake, mwanamke asiyeogopa kitu isipokuwa mumewe akiwa amelewa. Pamela alimtazama paka, akasema ni njaa tu, akampapasa tumbo. Mkono wake ukatulia. Akainama taratibu, akaweka sikio kwenye ubavu wa paka.

"Damaris," alinong'ona. "Tumbo ya paka hulia aje?"

"Hunguruma tu. Kwani?"

"Hii haingurumi. Hii inagonga."

Damaris akainama naye. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Ilikuwa sauti ndogo, ya mbali, jiwe kwenye jiwe, yenye subira ya mtu anayejua kwamba juu kuna watu.

"Hiyo ni jini," alisema Pamela akirudi nyuma hadi mlangoni. "Aki, toa hii kitu kwa nyumba yako."

"Nikimtoa atakufa."

"Wacha akufe!"

Hakumtoa. Na jioni hiyo, jua likizama nyuma ya marundo ya mawe, harufu ikarudi na paka akatapika kitu kirefu cheusi kilichotafunwa, na Damaris akakiosha kwenye beseni, akakigeuza, akaona ni ngozi ya mshipi wenye tundu moja lililopasuka kingo kwa kuunguzwa, tundu alilolitoboa yeye mwenyewe kwa msumari wa moto siku Chrispine alipolalamika kwamba amekonda na suruali inamwanguka, na hapo hapo, akiwa amepiga magoti mbele ya beseni, akaelewa mpangilio wake, kwamba kwanza alikula githeri yake, na ilipokwisha akala mshumaa, akabaki gizani, na mshumaa ulipokwisha akala mshipi, na muda wote huo alikuwa anagonga, alikuwa anagonga wakati yago linavishwa shuka, alikuwa anagonga wakati watu wanakula ng'ombe wa matanga yake, alikuwa anagonga wakati wachimbaji wanabeba majembe yao kwenda nyumbani kwa sababu simu imepigwa na mke amekubali. Ziwa likimshika mtu halimpi pumzi. Ardhi humpa. Hilo hakuna mtu wa kisiwani aliyelifikiria, na yeye, mke wa mchimbaji, hakulisema.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Damaris alilia mpaka paka akaja kumlamba mkono.

Pamela, kwa woga wake wote, ndiye aliyemtafuta Marcella. Marcella alitoka upande wa Asumbi. Jumapili alikuwa Mkatoliki wa kiti cha mbele, na siku nyingine zote alikuwa nyamrerwa, mganga wa mitishamba, na hakuona ugomvi wowote kati ya kazi hizo mbili. Alimpakata paka muda mrefu, rozari ikiwa shingoni.

"Nyathina," alimwambia Damaris, yaani mwanangu, "hii tumbo si ya paka. Paka amemwazima mtu mdomo. Mume wako amekuwa jachien, amekufa na uchungu na hajui kulala."

"Mama, nifanye nini? Nimempa kila kitu. Hakuna kinachokaa."

"Hakiwezi kukaa. Unalisha mtu mwenye yuko mbali. Mlimzika Rusinga, kwa hivyo sasa roho yake iko Rusinga, chini ya ile kaburi mlimpea. Ifunguliwe. Yago itolewe. Halafu mchimbe Masara, mtoe mifupa yake, mumzike yeye."

Damaris na Marcella walifika Rusinga mchana, paka akiwa kwenye kikapu. Cliff aliwapokea vizuri, akawapa viti barazani, akawaita watoto wasalimie. Damaris aliona kaburi kabla hajaketi. Lilikuwa limemwagiwa saruji, nene, laini, jina la Chrispine likiwa limechorwa kwa kidole kabla haijakauka.

Alimweleza kila kitu. Alimwonyesha kipande cha mshipi. Cliff alikishika, akakitambua.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. "Unataka nifungue kaburi. Nikifungua, hiyo nafasi itangoja nani? Niko na watoto wanne hapa."

"Alikuwa hai, shemeji. Alikuwa anagonga."

"Usiseme hivyo."

"Tulimwacha akigonga!"

"Usiseme hivyo kwa boma yangu!" Akafunika uso kwa viganja. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Damaris, kwamba hakupata hata mtu wa kumchukia. "Mama Marcella, fanya manyasi. Ponya paka. Kaburi haifunguliwi."

Marcella alimtazama Damaris, kama anayengoja aseme neno. Damaris alitafuta neno hilo. Alitazama saruji, alitazama watoto, alimtazama paka aliyekuwa amebaki macho tu. Neno halikuja.

Basi Marcella akachemsha manyasi, majani yake machungu ya kuondoa laana, akamnyunyizia paka na kumdondoshea mdomoni, akiita jina la marehemu na kumwomba aondoke kwenye mwili usio wake. Udongo mbichi ukanuka boma zima, mbwa wakalia na kukimbilia shambani, na paka akajinyoosha, akajikunja, akatapika mara ya mwisho, akitoa nyuzi za kijivu na mbegu, mbegu nyingi, nyuzi nyingi, zikiendelea kutoka hadi ikawa haieleweki zilikaa wapi ndani ya mnyama mdogo kiasi kile. Cliff aliinama kutazama, akaruka nyuma. Kila mtu wa Rusinga anajua nyama ya yago inavyoonekana.

"Ameikula," alisema Marcella taratibu. "Yote. Huko chini sasa hakuna kitu imebaki."

Alimpa paka kipande cha samaki. Wote wakangoja. Paka alikula, akajilamba miguu, akaketi. Wakangoja tena. Hakuna kilichotoka. Damaris aliweka sikio ubavuni, na kwa mara ya kwanza akasikia tumbo la paka likinguruma kama tumbo la paka.

Mke wa Cliff akapiga makofi. Cliff akashukuru Mungu kwa sauti, jasho likimtiririka. Marcella peke yake hakufurahi. Alikusanya vyungu vyake haraka, na alipokuwa anaaga alimshika Damaris mkono.

"Nimemfungia mlango wa paka," alisema. "Hakuwa na mwingine, nyathina."

Akaondoka. Watoto wakarudi kucheza. Damaris alikaa karibu na kaburi na Dhahabu mapajani, tumbo la paka limejaa, lenye joto, na ndipo alipoihisi sauti kwenye nyayo zake kabla hajaisikia. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Ilitoka chini ya saruji, wala haikuwa ndogo tena.

Cliff alikuwa anapita na ndoo. Alisimama. Maji yalimwagika kwenye miguu yake na hakuonekana kuyahisi. Alitazama kaburi, kisha akamtazama Damaris, na uso wake ulikuwa unaomba, kama uso wa mtoto.

"Ni vijana wanapasua mawe huko ng'ambo," alisema. "Si ndiyo, shemeji?"

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, hatua chache tu kutoka alipoketi. Damaris alilitazama. Alimtazama mtoto mdogo wa Cliff akimkimbiza kuku. Kisha, kama siku ile, aliitikia kwa kichwa.

Paka alijikunja mapajani mwake, ameshiba, akalala usingizi wa amani, na chini yao mtu aliendelea kugonga.