Mot Hakukojoa

Kila asubuhi Mzee Gwilym alikunywa chai akiwa amevaa koti na kofia, humo humo ndani ya nyumba. Tangu magoti yake yagome kupanda ngazi, alilala katika chumba cha nyongeza, nyuma ya nyumba, yeye na mbwa wake Mot. Baridi ilipanda kutoka sakafuni mpaka kwenye mifupa. Na sasa kulikuwa na uvundo.

"Ni huyo mbwa," alisema binti yake, Eirlys. "Anakojoa kwenye zulia. Jumamosi anakwenda shambani kwa binamu yetu Ifan."

Gwilym alitua kikombe kwa kishindo. "Miaka kumi na miwili Mot hajakojoa ndani hata tone! Wewe umemwona?"

"Pua yangu inatosha, Baba."

"Basi mkimpeleka yeye, nipelekeni na mimi!"

Kumsingizia kiumbe asiyeweza kujitetea! Siku hiyo hiyo alimwita jirani yao Non, seremala.

Non alikunja zulia, akapiga magoti, akanusa. Akang'oa ubao mmoja. Akachoma boriti ya chini kwa bisibisi, nayo ikazama kama kwenye keki.

"Huu si mkojo, ni mti unaooza," alisema. "Nani ameziba matofali ya matundu, kule nje chini ya ukuta?"

Uso ulimwiva Eirlys kwa aibu. "Mimi. Niliyajaza povu la kuzibia, lile linaloganda, mwaka jana. Upepo ulikuwa unapita chini ya kitanda cha Baba!"

"Eirlys wewe! Sakafu inapumulia pale. Unyevu unapanda kutoka udongoni, upepo unautoa nje. Ukiziba, unabaki humo na kuozesha boriti. Na baridi je, ilipungua?"

"Wapi!" alifoka Gwilym.

"Kinga baridi hapa juu, kwenye mbao. Matundu yaache."

Non alizibua matundu yote. Sakafu ilipokauka, alibadilisha boriti mbili zilizooza. Alitandika wavu kati ya boriti, akalaza juu yake sufu ya kondoo mpaka ikagusa mbao. Chini ya sufu aliacha nafasi tupu, upepo upite kutoka ukuta huu hadi ule. Mwisho alirudisha mbao na kuziba nyufa za ndani, pale sakafu inapokutana na kuta.

Mwezi uliofuata, mvua ikipiga dirishani, Gwilym alikunywa chai kichwa wazi. Uvundo ulikuwa umekwisha. Mot alikuwa amejinyoosha sakafuni.

"Umeridhika sasa, Baba?"

"Bado. Kuna mtu hajaombwa radhi."

"Baba! Huyu ni mbwa!"

"Mbona ulipomhukumu hukujali kwamba hawezi kusema?"

Eirlys alichuchumaa polepole. "Nisamehe, Mot," alinong'ona.

"Sema kwa sauti," alisema Gwilym. "Masikio yake yamezeeka kama yangu."