Idadi ya Kulungu wa Ante

Kila siku shule ilipotoka, Mireille alishuka teksi Warwick, jijini Durban, akanunua fungu la sombe, yaani majani ya muhogo, kwa mama mmoja aliyezoea kumwongezea, kisha akatembea hadi Greyville na kupanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu walikokaa. Akachemsha sombe, akaosha sufuria, akasubiri wazazi. Mama yake, Henriette, alisuka watu nywele saluni hadi jioni. Baba yake, Barthélemy, alipakia mizigo kwenye malori huko Clairwood, na alirudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Kabla hata ya kuvua viatu, baba aliuliza swali lilelile: "Mireille, leo umejifunza nini?"

Hakuuliza kwa mazoea tu. Alipokuwa mtoto katika milima ya Kivu Kusini, aliacha shule darasa la nne ili achunge ng'ombe. Baadaye vita vikala ng'ombe wote, naye akafika Durban bila hata fimbo ya kuchungia. Basi kila alichokileta bintiye kutoka darasani, alikipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi Mireille alikwenda darasa la Kiswahili katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wao, Nkatha, alikuwa Mkenya aliyesomea habari za wafugaji chuo kikuu, na hakumtoza mtu hata senti. Mwezi huo wa Februari alimpa kila mtoto mfugaji mmoja wa kuandika habari zake. Mireille alipewa Ante, rafiki wa mwalimu, anayefuga kulungu wa kaskazini huko juu kabisa Norwe.

"Ni wanyama wenye manyoya mazito na pembe kama matawi," mwalimu alieleza. "Siku hizi hali ya hewa ya kule imegeuka, na wafugaji wanalazimika kugeuka nayo. Namba yake hii hapa. Mtumie maswali matano kwa Kiingereza, kwa simu ya mama. Ni mtu mwema, atakujibu."

Mireille alisema sawa. Jumapili hakutuma. Jumatatu alitazama vichekesho kwenye simu. Jumanne aliogopa Kiingereza chake kisije kikachekwa. Jumatano akaketi na daftari, akayatunga majibu yote matano kwa nusu saa. Yalipendeza sana.

Alhamisi, wakila, baba aliuliza swali lake. Mireille akafungua daftari na kusoma.

"Bwana Ante anasema adui yake ni baridi. Theluji inaua kulungu. Mvua ikinyesha, wote wanafurahi."

"Kama sisi," baba alisema akitafuna. "Mvua ni mvua. Endelea."

"Bwana Ante ana kulungu elfu nne mia tatu na kumi na wawili."

Baba aliacha kutafuna. Tonge lilibaki shavuni. "Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe, papa."

"Kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, papa."

Barthélemy alisukuma sahani. "Sikiliza. Nimechunga miaka kumi na miwili. Baba yangu hakunitajia hata siku moja idadi ya ng'ombe wetu, na mimi nilikuwa nalala nao! Mgeni akiuliza, unamwambia wapo wachache, basi. Ukitaja idadi unaita balaa, tena unaita mwizi. Mtu anayemtajia mtoto asiyemjua hesabu ya mifugo yake si mchungaji. Ni tapeli! Mwalimu wenu amedanganywa!"

Mireille alishusha daftari. Siku zote alidhani uongo ukigundulika unamwangukia aliyeusema. Huu wake ulikuwa umemwangukia mtu mwingine kabisa. Akafungua mdomo.

"Angalia, mtoto ameshtuka," mama alisema kwa huruma, akamwongezea samaki.

Mireille akaufumba mdomo.

Jumamosi baba alitangulia ukumbini. Alimweleza kila mzazi aliyefika mlangoni: yule mtu wa Norwe ni mwongo, watoto wetu wanazungumza na matapeli. Mama mmoja alimshika mwanawe mkono, akageuka naye hapohapo. Baba mwingine akafuata na watoto wake wawili.

"Mireille," aliita Prodige, mwanafunzi mwenzake aliyekaa kiti cha nyuma, "tapeli wako amekuomba namba ya benki, au anataka pembe tu?"

Watoto walicheka. Mireille alitamani sakafu ipasuke immeze.

Mwalimu Nkatha hakuwa na habari. Alikuwa mbele akiunganisha nyaya za kompyuta. "Karibuni, karibuni! Leo nina jambo la kuwashangaza. Ante yuko hewani!"

Ukutani akatokea mwanamume mwenye kofia ya sufu na mashavu mekundu. Nyuma yake kila kitu kilikuwa cheupe. Akapunga mkono.

Barthélemy akasimama. "Mwalimu, zima hiyo kitu. Huyo ni tapeli."

Nkatha alibaki na waya mkononi. "Papa Barthélemy, unasema nini? Huyu mtu nimelala kwake, nimekula kwake."

"Basi umekula kwa mwongo. Ndugu zangu, tuchukue watoto wetu twende. Na hapa hatutarudi."

Viti vilianza kukwaruza sakafu. Na kule ukutani, Ante, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, aliendelea kutabasamu na kuwapungia mkono.

Tabasamu lile lilimshinda Mireille.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Ni mimi! Sikumtumia hata swali moja. Nilitunga yote!"

Kila aliyekuwa anaondoka alisimama. Baba alimtazama bintiye kama mtu anayemtazama mgeni ndani ya nyumba yake.

"Na ile idadi?"

"Niliitunga, papa."

Barthélemy alivua kofia, akatembea mpaka mbele ya kompyuta. "Mwalimu, nitafsirie. Mwambie nimemwita mwongo mbele ya watu, kumbe mwongo yuko mezani kwangu. Ninaomba msamaha."

Nkatha alitafsiri. Tabasamu la Ante lilitoweka. Akauliza jambo moja tu: huyo mtoto alisema nina wangapi? Alipoambiwa, alibung'aa, kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye theluji.

"Hata mke wangu sijamtajia idadi!" alisema. "Mtu akiniuliza, ninamwambia wanatosha kunichosha."

"Eish!" Barthélemy akageukia watu. "Huyu ni mchungaji!"

Mwalimu Nkatha hakucheka. "Mireille, njoo hapa. Una maswali matano. Uliza sasa."

Mireille alisimama mbele ya wote. Kiingereza kilimtoka kwa vipande, lakini kilitoka. Aliuliza adui wa kulungu ni nani, baridi au theluji?

"Mvua," alijibu Ante.

Barthélemy alidhani mwalimu amekosea kutafsiri. "Mvua? Mvua ya Mungu?"

Ante akachukua fimbo, akapiga chini. Pakalia ko! kama sakafu ya mawe. Zamani, alisema, majira ya baridi yalileta theluji kavu tu. Kulungu aliifukua kwa kwato, akala mimea midogo ya kijivu iliyo chini yake. Theluji haikuwa adui, ilikuwa blanketi. Siku hizi joto linapanda ghafla katikati ya baridi, mvua inanyesha juu ya theluji, kisha vyote vinaganda. Malisho yanafungiwa chini ya barafu.

"Wiki iliyopita nimemkuta jike amekufa, pua yake ikiwa juu ya barafu," alisema. "Alisikia harufu ya chakula. Kilikuwa kidole kimoja tu chini yake."

Ukumbi mzima uliguna. Watu wa Durban wanaijua mvua inayoua, waliiona ile Aprili ya mafuriko. Lakini kufa njaa juu ya chakula chako mwenyewe? Barthélemy aliketi, kofia mkononi.

Mireille aliendelea kuuliza, na mwalimu akaendelea kutafsiri. Ante alieleza kwamba sasa anagawa kundi katika makundi madogo. Majike wengine amewafunga shingoni vyombo vinavyomwonyesha kwenye simu walipo. Malisho yakifungwa kabisa, analeta nyasi kavu kwa lori. Tena amewafuata wazee, wamemwonyesha misitu ambayo mababu walikimbilia miaka mibaya.

Swali la tano baba alimnong'oneza bintiye. "Muulize, barafu ikiwa nyembamba, nani anaivunja?"

Ante alichangamka. "Maksai! Madume waliohasiwa. Tulikuwa tumeanza kuwapunguza, kwa sababu hawazai. Sasa tunawaongeza tena. Wana nguvu, wanapasua barafu, na majike wanakula nyuma yao."

"Maksai!" Barthélemy alijipiga paja. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, akikumbuka ng'ombe wa baba yake.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye robot, zile taa za barabarani karibu na nyumba yao, rangi ikiwa nyekundu, baba alisimama.

"Ante anaficha hesabu ya wanyama wake. Hilo ni sawa, mtu ana haki ya kunyamaza. Wewe umemwekea mtu maneno mdomoni, na mimi kwa sababu ninakuamini nikayachukua nikampiga nayo. Karibu niue darasa la mwalimu wenu."

"Nisamehe, papa."

"Nimekusamehe. Lakini wale waliogeuka na watoto wao bado wanamwita tapeli. Jioni hii tutapita nyumba zote mbili, na utasema wewe, si mimi." Akamgeukia bintiye. "Yule jike alikufa, chakula kikiwa kidole kimoja chini yake. Barafu ilimzuia. Wewe jibu lilikuwa ndani ya simu, umbali wa kidole kimoja. Ulizuiwa na nini?"

"Niliogopa kuchekwa, papa."

"Usichokijua, uliza, hata kwa Kiingereza kibovu. Na kama hukuuliza, sema hukuuliza. Aibu yake ni ya siku moja."

Taa ikawa ya kijani. Wakavuka.