Zipu Ndani ya Ukungu

Jua lilikuwa limeanza kuinama nyuma ya misonobari pale Konokono alipouliza njia ya kwenda kileleni kutazama machweo.

Konokono halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na wenzake kazini, kwenye duka la vyombo vya udongo alikofunga sahani na vikombe ndani ya maboksi, kwa sababu kila likizo alijitwika begi kubwa mgongoni akaenda zake peke yake. Safari hii baba yake mdogo alikuja juu.

"Mwanamke mzima unazurura milimani kama mbuzi aliyekata kamba! Ukipotea huko, tusisikie kilio chako."

"Hutakisikia, baba," alimjibu, kwa adabu lakini bila kupepesa macho. "Sauti yangu haifiki mbali hivyo."

Na sasa alikuwa amefika. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umekaa begani mwa mlima: nyumba za wageni zenye mapaa mekundu, vibaraza vya mbao, maduka ya kofia na fimbo za kupandia, na ziwa likimetameta chini kabisa. Nyumba aliyofikia ilikuwa ya mwisho, pale barabara inapogeuka kuwa njia ya miguu. Mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye wageni wote walimwita Shangazi.

"Kileleni si mbali," Shangazi alimwambia. "Ila hilo begi liache. Unataka kupanda na nyumba nzima mgongoni?"

Konokono akacheka. Ndivyo wafanyavyo wasafiri wote wa mabegi: mzigo mkubwa hubaki, mtu hupanda na chupa ya maji na simu tu.

"Nitaliweka chumbani, shangazi."

"Chumbani bado wanapiga deki. Lete kwangu nikutunzie."

Akanyoosha mikono. Konokono akasita kidogo… kisha akavua mikanda. Shangazi alilipokea begi lile kifuani, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Uani palikuwa na wafanyakazi wawili watatu. Mwanamke mmoja alianika mashuka. Mwanamume mmoja alipasua kuni. Konokono aliwasalimu, hakuitikiwa. Aliona wamevaa viatu vizuri vya kupandia mlima, vya bei mbaya, vilivyochakaa hadi vidole kuchungulia. Akajiambia huenda ni zawadi za wageni. Akashika njia.

Alipanda kwa raha. Mabega yalikuwa mepesi, miguu myepesi, na kichwa nacho kilikuwa chepesi. Kileleni kulikuwa na benchi na ukingo wa mawe, na mzee mmoja akifagia majani ya misonobari. Ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya dhahabu. Konokono alitoa simu apige picha.

Kwenye kioo cha simu palikuwa na sura ya mama mmoja mwenye mwanya, akitabasamu.

Konokono alimtazama. Akamtazama tena.

Ni nani huyu?

Ukungu ulipanda kutoka bondeni bila sauti, ukameza ziwa, ukameza benchi. Ulikuja na harufu. Hakuwa amenusa ukungu wa namna hiyo maishani mwake. Ulinuka sabuni yake ya kufulia, soksi zake za jana, na sweta la marehemu babu yake lenye moshi wa tumbaku. Ulinuka kama ndani ya begi lake.

Kisha akasikia, karibu kabisa na sikio…

Zzziiip.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu ila mfagiaji, amesimama na fagio lake.

"Anafungua," mfagiaji alinong'ona.

"Nani anafungua?"

"Anatoa kimoja kimoja. Anakunja. Anapanga." Alikaza fagio mikononi. "Haumizi. Ndio ubaya wake… haumizi."

"Mzee wangu, wewe ni nani?"

Mzee alifikiri. Alifikiri muda mrefu, kama mtoto aliyeulizwa swali ambalo jana alilijua.

"Mfagiaji," akasema.

Konokono alitazama miguu ya mzee. Viatu vya kupandia mlima. Vidole vikichungulia.

Zzziiip.

Njia aliyopandia… ilikuwa wapi? Kulia? Kushoto? Alikuja mji huu kutoka wapi? Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine, kigumu, ambacho baba yake mdogo alikiita kichwa kigumu tangu alipokuwa na meno ya utoto. Hicho kilikuwa bado hakijatolewa.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Hapana, bibi wee. Si changu utakachokunja."

Akashuka mbio. Alishuka akisema yale aliyoyajua, asije akayaacha: "Nafunga sahani. Nafunga vikombe. Sahani husimama ndani ya boksi, hazilali. Naitwa Konokono." Alirudia kama mtoto anayetumwa dukani na kuogopa kusahau alichotumwa. Mara mbili zipu ililia gizani, na mara mbili alihisi kitu kikimponyoka ndani, bila maumivu, kama uzi unaochomolewa kwenye nguo. Alipandisha sauti. "Sahani husimama! Hazilali!"

Aliingia kwa mlango wa jikoni. Wafanyakazi walikuwa wamesimama wakitazama ukuta. Aliwapita. Mwisho wa ujia, chini ya mlango, kulikuwa na mwanga.

Akausukuma.

Shangazi alikuwa ameketi sakafuni, taa pembeni, begi limelala wazi mapajani mwake. Chumba chote kilijaa vitu vilivyokunjwa vizuri, rundo juu ya rundo hadi darini: makoti, kofia, tochi, miswaki, picha, viatu vya watoto. Vitu vya watu wengi mno.

"Umewahi kurudi," Shangazi alisema, wala hakushtuka. "Keti, mwanangu. Unahema."

"Nipe begi langu."

"La nini? Tazama ulivyokuwa mwepesi pale juu." Aliinua sweta moja la sufu, akalinusa. "Hili peke yake lina kilio cha miaka. Kila ukilivaa unamlilia. Mimi nimekutua tu. Kesho utaamka huna deni la machozi kwa mtu yeyote. Utaanika mashuka. Utakula. Utalala."

Konokono hakukumbuka sweta lile lilikuwa la nani. Ila mkono wake ulilinyookea wenyewe, na hilo lilimtosha.

"Kama ni kilio, ni changu," alisema. "Kirudishe."

Shangazi alitabasamu kwa upole, jambo lililotisha kuliko kama angefoka. Akalirusha sweta juu ya rundo, akakung'uta begi, na vilivyobaki vikamwagika na kuchanganyika na vya watu.

"Sikunyang'anyi kitu. Chukua kilicho chako… kama unakijua."

Konokono alitazama bahari ile ya nguo. Hakukijua hata kimoja. Kila shati lingeweza kuwa lake, na hakuna lililokuwa lake. Taa ilianza kufifia. Nyuma yake, mlangoni, wafanyakazi walikuwa wamesogea. Aliwasikia wakipumua.

"Kitanda chako tayari," Shangazi alinong'ona. "Karibu na dirisha."

Akafumba macho.

Kichwa kilikuwa kimefunguliwa, lakini mikono haikuwa ndani ya begi. Mikono ilikuwa imefunga mzigo huu alfajiri baada ya alfajiri, gizani, kwenye vyumba vya bei nafuu, wageni wenzake wakiwa wamelala. Aliachia mikono ifanye kazi. Chini kabisa, kitu kipana na laini. Ikapapasa, ikachukua, ikasukuma. Kikaenea. Kizito, upande wa mgongo. Ikachukua sufuria, ikaikataa. Ikachukua nyingine. Hiyo ikakaa mahali pake kama jino kwenye ufizi.

Na ilipokaa, akakumbuka moto wa kuni na kicheko cha baba yake mdogo.

"We mtoto," Shangazi alisema. Sauti ilikuwa imepoteza asali. "Acha."

Mikono haikuacha. Viatu vya akiba, visigino nje. Koti la mvua, limeviringwa. Kila kitu kilipoenea, kitu kilirudi ndani yake kwa kishindo: mtaa, shule, harufu ya nyumbani. Kisha sufu ikamgusa kiganja. Moshi wa tumbaku. Babu yake alimjaa kifuani na uzito wake wote, na jeneza lake, na wimbo alioupiga mluzi akinyoa ndevu. Na mama, mwanya na yote. Konokono alilia kwa sauti, akicheka, akizidi kupakia.

"Lia!" Shangazi alifoka. "Si ndicho ulichokitaka?"

"Ndicho!"

Alifumbua macho. Begi lilikuwa limejaa. Karibu lijae. Juu, upande wa kushoto, mikono ilitafuta kitu ikakosa. Palikuwa na pengo, dogo, la kutosha kitu laini kilichokunjwa. Alipapasa rundo la karibu. Alipapasa la pili.

Taa ikazimika.

Kiganja cha baridi kikamgusa kifundo cha mguu. Alijitwika begi, akarusha teke, akawaendea waliosimama mlangoni.

"Mabegi yenu yamo humu!" aliwapigia kelele. "Msiulize vichwa vyenu. Ulizeni mikono! Ingieni!"

Hawakusogea. Aliwapenya, akatoka uani, akashika barabara ya kushuka. Ukungu ulimgusagusa usoni. Hakugeuka. Lakini alipofika kwenye kona, nyuma yake, kutoka nyumba ile, alisikia mlio mmoja.

Zzziiip.

Kisha mwingine. Kisha mingi, mingi, kama panzi wa usiku. Kama zipu zilifunguliwa, au zilifungwa, hakuweza kujua.

Asubuhi alikuwa chini ya mlima, kwenye kibanda cha chai kando ya stendi, begi mapajani. Simu ilipopata mtandao, aliharakisha kumpigia mama yake.

"We mtoto, jana nimekupigia mpaka kidole kimechubuka," mama alianza. "Baba yako mdogo tayari anachagua suti ya msiba. Uko mzima?"

"Mzima, mama. Mzima kabisa."

"Haya. Na huyu mdogo wako hajanipa usingizi. Anauliza kama ile shali aliyokufumia inazuia baridi."

Konokono aliangalia ndani ya begi. Juu, upande wa kushoto.

"Mdogo wangu… nani, mama?"

Kwa mbali, kwenye simu, jogoo aliwika.

"Usinifanyie utani huo," mama alisema polepole. "Leo si siku yake. Shika, ongea naye."

Simu ilibadilisha mikono. Kisha sauti ya msichana, nyembamba, yenye mafua kidogo.

"Dada? Mbona unamtisha mama? Dada… ni mimi."

Konokono alisikiliza. Ilikuwa sauti nzuri. Aliigeuza huku na huku ndani ya kichwa chake, akatafuta mahali inapokaa, hakupaona. Hakulia, maana hakuwa na cha kulilia. Hilo ndilo lililomtia ghadhabu kuliko yote ya usiku ule.

"Sikiliza," alisema. "Wewe ni wangu. Sijui kwa namna gani, lakini ni wangu. Niambie shali ina rangi gani."

"Ya… ya manjano. Dada, unaniogopesha."

"Manjano. Haya. Usilie mpaka nirudi."

Alisimama, akavuta mikanda ya begi hadi ikamkaza mabegani. Mwenye kibanda alimwona akiipa mgongo stendi na kuelekea barabara ya mlimani, kule ukungu ulikokuwa umekaa katikati ya misonobari, haupandi wala haushuki.

"Dada, basi lako lile linaondoka! Umesahau kitu huko juu?"

"Mtu," alisema Konokono, na hakupunguza mwendo.