Upinde Usiopumzishwa

Mtu aliyekesha kazini, jamani, akirudi nyumbani asubuhi anataka kitu kimoja tu, nacho ni kitanda. Hataki salamu ndefu wala habari za jirani. Ndivyo alivyokuwa muuguzi huyu wa zamu za usiku, ambaye mumewe alimwita Sista kwa utani hata ndani ya nyumba yao wenyewe. Asubuhi hiyo alipita uani kuvua viatu, akachungulia stoo, akaona upinde wa mumewe ukutani, kamba imekazwa ndi.

Akashangaa. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na mapenzi aliyokuwa nayo kwa pinde, wenzake wanayo kwa mpira. Akitoka shule anajifungia stoo, anakwangua mti, anaupinda kidogo kwa goti, anautazama kwa jicho moja, kisha anakwangua tena ule upande uliokaidi. Maranda yalifika mpaka kwenye kopo la sukari. Na sheria yake kubwa, aliyomhubiria mkewe mpaka masikio yakamuuma, ni kwamba ukimaliza kuutumia upinde unaufungua kamba, ulale umenyooka. Ukiuacha umefungwa, mti unachoka.

"Mwalimu," alimwita, "umemwacha mpenzi wako kafungwa."

"Nani, mimi? Nimeufungua jana jioni kwa mikono yangu hii!"

"Basi kajifunga mwenyewe."

Walicheka, ingawa Mwalimu hakucheka sana. Upinde ule aliuchonga kutoka mti ulioanguka nyuma ya shule, na siku ya kwanza tu kuutia kamba aliitwa mbio, kaka yake kazidiwa. Akafunga stoo akaondoka. Aliporudi siku kadhaa baadaye aliukuta bado umepindwa, na aibu iliyomshika ilikuwa kama ya mtu aliyesahau punda juani. Aliuomba radhi upinde, mti mtupu ule, na mkewe alimsikia.

Sasa aliufungua tena. Alipotaka kusimama wima, akashika kiuno.

"Uzee huo," Sista alimtania, akaenda kulala.

Lakini usingizi wa mchana ukaanza kumpiga chenga. Akisinzia tu, anasikia uani mlio wa kamba iliyovutwa ikaachiwa bila mshale, vuuum, na harufu ya utomvu mbichi inaingia dirishani, wakati mti ule ulikuwa mkavu kama mfupa. Mwalimu naye akawa anarudi kutoka shule ameinama, kila siku zaidi ya jana. Wanafunzi walidhani anatafuta chaki. Hospitalini walimpiga picha wakasema mgongo mzima kabisa, akapumzike. Alipumzika, akapinda zaidi, mpaka siku ile alipolala ubavu magoti yamegusa kidevu, na pumzi anaipata kwa kuiomba.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, majirani wanafua nguo na kupiga soga, wala hakuna lolote la kutisha duniani, Sista alipoingia stoo kuchukua ndoo akaona upinde uliolala umenyooka juu ya meza ukijiinua taratibu, ukasimama kwa ncha yake sakafuni bila mkono wa mtu, na kwenye maranda chini pakajibonyeza alama ya unyayo mpana, mzito, usio na mwenyewe, na mti ukaanza kupinda, ukilia krii, krii, na kitanzi cha kamba kikapanda polepole kama kidole kinachopapasa mpaka kikaingia nchani, na papo hapo, kule chumbani, mumewe akatoa mlio ambao katika miaka yake yote ya wodini hakuwahi kuusikia kwa mgonjwa yeyote.

Hata ndoo hakuikumbuka. Alikimbia kumwita mganga.

Mganga alikuwa mzee mwenye magoti mabovu. Aliingia analalamikia ngazi, akaomba kiti, akaomba na mto. Kisha akamwinamia Mwalimu sikioni, akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe nani?"

Midomo ya Mwalimu ikafunguka. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyenyimwa usingizi.

"Nilikuwa nimelala ndani ya mti. Kanikwangua nikavumilia. Kanipinda nikavumilia. Halafu kaniacha hivyo hivyo, akaenda zake. Sasa mimi natembea. Yeye akae humo, aone."

Sista aliuma kanga aliyojitanda juu ya sare, isije ikamtoka sauti.

"Ule mti sasa ndio mgongo wake," mganga alimnong'oneza walipotoka kwenda ukumbini. "Ufunguliwe kamba. Lakini kwa adabu, kama fundi anavyofungua, mwanangu. Kitanzi kitoke chenyewe, ndipo nitalisindikiza jini hilo. Kamba usiikate kamwe. Likifyatuka halina pa kwenda, litamwingia aliyelifyatua."

"Si ungefungua wewe?"

"Kwa magoti haya? Nitauvunja bure."

Wakauleta upinde chumbani. Sista alikuwa amemwona mumewe akifanya kazi hiyo mara nyingi, bila hata kutaka. Ukitaka kuufungua upinde, ni lazima kwanza uupinde zaidi kidogo, ndipo kamba ilegee na kitanzi kichomoke. Hakuna njia nyingine.

Akaukanyagia mguu, akaukandamiza.

Mwalimu akapiga ukelele. Kidevu kikazama kifuani, mbavu zikaalika kama vijiti vikavu.

"Endelea," mganga alisema. "Bado kidogo tu."

"Anakufa!"

"Endelea, nakwambia!"

Akakandamiza tena. Alikuwa ametoka zamu, hajalala, hajatia kitu tumboni. Kitanzi kikasogea unene wa ukucha, kikagoma. Akamtazama mumewe. Midomo imeanza kuwa ya buluu, na rangi hiyo Sista aliijua, alijua inafuatwa na nini. Mwalimu akamwangalia kwa jicho moja ambalo magoti hayakulifunika, akasema kwa pumzi kidogo iliyobaki, "Sista, niache."

Hakuweza. Ndiyo, alisikia alichoambiwa na mzee. Tusije tukasema hakusikia. Alitoa mkasi wa bandeji mfukoni mwa sare yake, akakata.

Upinde ulipasuka vipande, mpaka kioo cha kabati kikavunjika. Na Mwalimu akanyooka. Alinyooka kitandani mwili mzima, akavuta hewa mpaka akakohoa, akalia, akacheka, akaomba chai.

Mganga hakucheka. Alimgeukia Sista, akamwuliza taratibu, "Umesikia kitu mwilini?"

"Sijasikia kitu, babu."

Mzee akatikisa kichwa, akakusanya vipande vyote kwenye gunia, akateremka ngazi bila kulalamika.

Mwalimu alirudi shule. Alitembea wima kama kijana, akapiga mluzi nyumba nzima, na stoo akaifunga kwa kufuli. Alikuwa na afya ambayo mkewe hakuiona tangu walipooana. Sista aliendelea na zamu zake. Wenzake wodini waliona anatembea ameinama kidogo, wakamwambia omba likizo, dada, kazi hii itakumaliza. Wauguzi wote huinama, nani angejali?

Jioni moja alikuwa anaosha vikombe jikoni. Nyuma yake, kiunoni, akahisi unyayo mpana ukimkanyaga taratibu, na begani mkono ukimvuta, kidogo tu, kisha ukamwachia, kama fundi anayepima mti utapinda kiasi gani. Akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Mwalimu alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Akainua uso.

"Sista, una nini?"

Akimwambia, alijua, mwanaume huyu atakwenda kuliita limrudie yeye. Kikombe kikamteleza majini.

"Uchovu tu, Mwalimu," akasema. "Maliza kazi yako tukalale."