Mama Hakusafiri

Kila asubuhi Fundi alichemsha chai, akakata mkate vipande viwili, akamwamsha mpwa wake. Walikunywa kimya kimya. Kisha mtoto alishika njia ya shule, na Fundi akaenda kibarazani kushona viatu vya watu.

Walikaa chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande mmoja alilala Fundi, upande wa pili mtoto. Mtoto huyo alipachikwa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Sasa alikuwa na miaka minane, na jina limebaki jina tu.

Miezi mitatu nyuma mama yake, dada wa pekee wa Fundi, aliugua akafia hospitalini. Siku ya mazishi Chiriku aliachwa kwa jirani. Jioni alimuuliza Fundi, "Mjomba, mama yuko wapi?"

Fundi akajibu, "Amesafiri."

"Atarudi lini?"

"Atarudi tu."

Tangu siku hiyo Fundi aliyakwepa macho ya mtoto. Hakuwa na mke wala ndugu mwingine. Hata kumlilia dada yake hakuwahi. Angelia wapi, na mtoto yuko nyuma ya pazia?

Chiriku akaanza kukojoa kitandani. Chakula alikidonoa tu. Fundi alidhani ni ukaidi, akamgombeza. Mtoto akazidi kunywea.

Mchana mmoja mwanamke alisimama mbele ya kibaraza. Fundi alinyoosha mkono apokee kiatu, lakini mwanamke hakuwa na kiatu.

"Mimi ni mhudumu wa jamii wa mtaa huu," alisema. "Natembelea familia zinazolea yatima. Mpwa wako hakuwa darasani leo. Nimemkuta kituo cha mabasi, nikamrudisha kwa mwalimu wake."

"Alikuwa anafanya nini huko?"

"Anatazama watu wanaoshuka. Anamsubiri mama yake. Anasema labda mama aliondoka kwa hasira, kwa sababu siku moja yeye mtoto alikataa kumchotea maji."

Fundi aliweka sindano chini. "Nilitaka kumkinga. Bado mdogo."

"Najua, kaka. Wengi tunafanya hivyo. Lakini mtoto asipoambiwa ukweli hujitungia wake, na mara nyingi hujilaumu. Mwambie kwa maneno mepesi. Usiseme amesafiri, usiseme amelala. Sema amekufa. Mwambie si kosa lake, na umwambie nani atamlea. Akiuliza tena kesho, mjibu tena. Na akikojoa usimgombeze. Ile ni huzuni."

"Na mimi nikilia mbele yake?"

"Lieni wote. Alikuwa dada yako."

Kwa miezi mitatu hakuna mtu aliyemwambia Fundi kwamba naye amefiwa.

Siku hiyo alifunga kazi mapema. Alipita upande wa pili wa pazia, akaketi sakafuni.

"Chiriku, nilikudanganya. Mama hakusafiri. Aliugua sana, madaktari wakajitahidi, wakashindwa. Mama amekufa. Hatarudi."

Mtoto akauliza, "Ni kwa sababu sikumchotea maji?"

"Hapana. Ni ugonjwa. Wewe hukukosa lolote. Na mimi nipo, nitakulea."

"Mbona ulisema amesafiri?"

"Niliogopa."

Chiriku akampiga ngumi kifuani, mara mbili, mara tatu. Fundi alimwacha apige. Kisha mtoto akaangua kilio, na Fundi naye akalia kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

Mambo hayakunyooka siku moja. Wiki nzima Chiriku hakumsemesha. Kisha akaomba kuona kaburi, wakaenda pamoja. Mhudumu aliendelea kuwatembelea. Alizungumza na jirani yao, muuza mboga, naye akakubali kukaa na mtoto baada ya shule mpaka Fundi afunge kazi. Akawaonyesha pia kikundi kinachokutana shuleni kila Jumamosi. Watoto huchora na kucheza, walezi huketi na kuzungumza yaliyowaelemea. Mwezi wa kwanza Fundi alikaa karibu na mlango. Wa pili, akasema yake.

Kitanda kikawa kikavu. Chiriku hakutoroka tena darasani, na maswali yakarudi kinywani mwake.

"Mjomba, mama alipokuwa mdogo aliogopa nini?"

"Panzi. Akimwona panzi, anapanda mezani."

Upweke haukwisha wote. Baadhi ya jioni chumba kile kidogo kilikuwa bado kikubwa mno kwa watu wawili. Lakini sasa kila mmoja alijua mwenzake anamkumbuka nani.

Jumamosi moja bibi mmoja mgeni aliingia kikundini na wajukuu wawili. Watoto walipotoka kucheza, akasema kwa sauti ya chini, "Hawa nimewaambia baba yao yuko kazini, mbali. Sijui nitaanzia wapi."

Fundi alisogea kwenye benchi, akampa nafasi.

"Kaa hapa, mama," alisema. "Nikueleze mimi nilianzia wapi."