Zamu ya Mushiya

Kila Jumapili asubuhi Mignonne Kabemba alilinyoosha gauni lake kwa pasi ya makaa, akavipaka viatu vyake mafuta kidogo ya kupikia ili ving'ae, kisha akapita nyumba ya jirani kumchukua rafiki yake Mushiya. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili. Walizaliwa katika hospitali moja, wakakulia mtaa mmoja wa Dilala, mjini Kolwezi, katika nyumba za matofali ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake. King'ora cha kampuni kiliwaamsha wote wawili, na unga wa kampuni uliwalisha wote wawili, zamani kampuni ilipokuwa bado na unga wa kugawa. Wote wawili walisema Kiswahili cha hapo, ambamo 'watu wako' huwa 'bantu beko', 'ndiye' huwa 'njo', na 'kwa nini' huwa 'juu ya nini'.

Tofauti yao ilikuwa moja, na hadi mwaka huo hakuna mtoto aliyeiona kuwa kitu. Babu yake Mignonne alitoka kaskazini ya Katanga, mkoa wao huo huo. Babu yake Mushiya aliletwa kutoka Kasai, mkoa mwingine, kuja kuchimba shaba, akaichimba mpaka mapafu yakamwisha, akazikwa hapo hapo Kolwezi. Mushiya mwenyewe hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja.

Lakini huo ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Kazi ya mgodi ilikuwa imeanguka, mishahara haikuja, na mwenye njaa hutafuta mtu wa kumlaumu. Wakubwa walimtafutia. Katika redio walisema kwamba watu wa Kasai ndio waliokula kila kitu, wakawaita bilulu, yaani wadudu. Walisema hivyo watu wazima, watu waliosoma, waliovaa suti! Basi vijana wakaanza kupita mitaani na fimbo, wakigonga milango ya majirani waliowapa maji ya kunywa tangu utotoni.

Jumapili moja Mignonne alimkuta Mama Tshiela, mama yake Mushiya, akifunga sufuria ndani ya shuka.

"Mama, juu ya nini unafunga bintu?" aliuliza.

"Tunaenda kanisani kwanza, mutoto yangu," alijibu Mama Tshiela bila kuinua macho. "Ingine Mungu anayua."

Kanisa lao lilikuwa dogo, la Kiprotestanti, na lilikuwa na desturi ambayo watoto waliipenda sana. Kila Jumapili mtoto mmoja wa ekodim, yaani shule ya Jumapili, alisimama mbele ya watu wazima wote akawaombea wakubwa wa nchi. Watoto walipokezana, na mwenye zamu alijiona mkubwa kidogo yeye mwenyewe. Zamu ya siku hiyo ilikuwa ya Mushiya. Njia nzima alikuwa akiyarudia maneno yake kimoyomoyo.

Mlangoni mzee mmoja wa kanisa aliwasimamisha. "Leo Mignonne njo ataomba," alisema kwa sauti ya chini. "Mushiya, weye utaomba siku ingine. Bantu beko na roho moto."

"Siku ingine gani, tata?" aliuliza Mushiya, kama watoto walivyomwita kila mzee baba.

"Siku ingine," alisema mzee, akageuka kupanga viti vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

Mignonne angeweza kukataa. Hakukataa. Alipenda kusimama mbele za watu, na alijiambia kwamba zamu ni zamu tu. Kwa kuwa hakuwa amejiandaa, alishika yale aliyoyazoea. Alipokuwa darasa la kwanza walifundishwa animasyo, zile nyimbo za kuchezea kiuno na kumsifu Mkubwa wa nchi. Na nyumbani kaka yake Dodo alifungua redio kutwa nzima, kwa hiyo maneno ya redio alikuwa nayo kichwani bila kuyatafuta.

"Mungu Tata," aliomba kwa sauti nzuri, "tunakushukuru juu ya bakubwa betu. Beko na akili, beko na nguvu, habana na mufano. Ubariki kazi yabo. Ubasaidie basafishe inchi yetu, bilulu byote bitoke, tupate kula. Mu jina la Yesu."

"Amina!" waliitikia watu, na wengine walipiga makofi.

Tata Kisimba, baba yake Mignonne, aliitikia huku akitazama viatu vyake. Alikuwa amefanya kazi karakana moja na baba yake Mushiya, Tata Mukendi, tangu ujana wao. Mama Numbi, mwalimu wa ekodim, hakuitikia kabisa. Mama Tshiela alisimama, akamshika Mushiya mkono, akatoka naye polepole kupitia katikati ya kanisa. Tata Mukendi aliwafuata akiwa amembeba Mpoyi, mtoto wao mdogo. Hakuna aliyewazuia, wala hakuna aliyewatazama usoni.

Ibada ilipokwisha, Mama Numbi alimwita Mignonne kando.

"Uniambie, Mignonne. Bilulu njo nani?"

"Ni bantu ya Kasai, mama. Banasema mu redio."

"Mushiya njo kilulu?"

Ulimi hauna mfupa, wazee walisema zamani, na wa Mignonne ulikuwa umekwisha kumponyoka mbele ya kanisa zima. Aliinua gauni lake akakimbia.

Alipofika, mlango wa nyumba ya akina Mushiya ulikuwa umeng'olewa. Ndani palikuwa tupu. Nje, kwenye kiti cha Tata Mukendi, aliketi Dodo na vijana wenzake, fimbo zikiwa zimeegemezwa ukutani.

"Beko wapi?" alilia Mignonne.

"Tumebapeleka ku gare, bangoje treni ya kwabo," alisema Dodo. Kisha akacheka. "Unalia nini? Tumesikia habari ya kanisa. Si weye njo uliomba? Mungu anasikia mbio!"

Wenzake walicheka naye. Mignonne hakuwahi kuchukia kicheko kama alivyokichukia hicho, na uchungu wake wote ni kwamba Dodo hakusema uongo. Aliomba watoke, na walikuwa wametoka.

Alirudi kwa Mama Numbi macho yakiwa yamemvimba. "Mama, mi njo nilibafukuza."

"Hapana," alisema Mama Numbi. "Bakubwa na ba Dodo njo balibafukuza. Lakini weye ulibapigia makofi mbele ya Mungu, na ile ni neno kubwa. Ile zamu ilikuwa ya nani?"

"Ya Mushiya."

"Basi kesho tutaenda kumurudishia, mbele ya treni kufika."

Siku ya pili walibeba sufuria ya bukari, yaani ugali, na nyingine ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, wakashika njia ya kituo cha treni. Mvua ilikuwa imenyesha. Watu walijaa kando ya reli kuliko siku ya soko: wazee, wajawazito, watoto wa shule bado na sare zao. Waliokuwa na maturubai walijifunika maturubai. Waliowahi kubeba milango ya nyumba zao waliiegemeza kwenye mizigo, wakaketi chini yake. Palinuka moshi na kinyesi, na watoto walikohoa kila upande.

Kijana mwenye fimbo aliwazuia penye kuingilia. "Munaenda wapi na chakula?"

"Tunaenda kulisha bantu," alijibu Mama Numbi.

"Bale haiko bantu."

Mama Numbi alimtazama vizuri. "Weye, mi njo nilikufundisha Baba Yetu mu ekodim. Ulikuwa unasahau pa mukate. Uniache nipite."

Kijana alitazama pembeni, akaondoa fimbo.

Walimkuta Mushiya chini ya turubai amempakata Mpoyi, ambaye kifua kilikuwa kikimkoroma. Tata Mukendi alikuwa amekwenda kuuliza habari za treni. Mama Tshiela aliwaona, lakini hakuwasalimu. Mignonne alipiga magoti kwenye matope na gauni lake la Jumapili.

"Mama Tshiela, nilikosa sana. Zamu ilikuwa ya Mushiya, nikaikula, tena nikatukana. Nimekuja kumurudishia."

"Zamu ya nini?" aliuliza Mushiya. "Hapa haina kanisa."

"Ya kuombea bakubwa."

Mushiya alicheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu mzima. "Bakubwa? Bale?"

"Mutoto yangu hataombea bantu bale," alisema Mama Tshiela kwa ukali. "Bajiombee bo wenyewe. Mulete bukari, tutakula juu ya batoto. Maombi murudi nayo kwenu."

Mama Numbi hakubishana naye. Aliyeumia ana haki ya kukasirika, na yeye hakuja kuwahubiria watu waliolala kwenye matope. Alifunua sufuria, akaanza kupakua. Mignonne alibaki amepiga magoti, akiogopa kwamba treni ingepiga honi na yeye hajapata kurudisha kitu.

Hapo Mushiya alimpa mama yake mtoto, akasimama.

"Ilikuwa zamu yangu, mama," alisema. "Balininyanganya nyumba, balininyanganya masomo. Hii basininyanganye. Nitaomba vile mi ninataka."

Alifumba macho. Watu waliokuwa karibu waligeuka kusikiliza.

"Mungu, bakubwa betu beko na roho ya majiwe. Unayua. Tata alitumika hapa, nkambo yetu alizikwa hapa, na leo banatuita bilulu. Mi sipendi kubaombea, lakini niko nabaombea. Ubaguse roho. Ubaonyeshe Mpoyi vile anakohoa, bamuone na macho yabo. Na kama siku moja sisi batoto tutakuwa bakubwa, usituache tufanane nabo. Amina."

Mzee mmoja chini ya mlango wake akasema Amina, na mwanamke mwingine, na mwingine. Mama Tshiela alikawia. Alitazama matope, akamtazama Mpoyi, na mwisho akasema, "Amina," kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Akapokea sahani.

Mignonne alimshika Mushiya mkono. "Umenisamehe?"

Mushiya alifikiri. Hakuwa mtoto wa kusema jambo ili kumpendeza mtu.

"Zamu umenirudishia," alisema. "Lile neno, sijui. Litaenda na mi mu treni." Lakini mkono wake hakuuondoa, na walikaa hivyo mpaka honi ilipolia.

Treni iliondoka alasiri. Watu walipanda ndani, wakapanda juu ya paa, wakaning'inia milangoni. Tata Mukendi, ambaye alizitengeneza mashine za Kolwezi maisha yake yote, alipandishwa kwenye behewa la kubebea madini pamoja na sufuria zake. Mignonne alipunga mkono mpaka behewa la mwisho likapotea.

Njiani kurudi Dilala alibeba sufuria tupu kichwani. Halafu akauliza, "Mama Numbi, tunabaombea juu ya nini? Mushiya aliomba muzuri, na treni imeenda."

"Mi pia niko na hasira," alisema Mama Numbi. "Siyue juu ya nini Mungu anangoja. Lakini sikiliza. Mungu anasema tuombee bakubwa, haseme tubasifu. Mugonjwa, unamuombea namna gani? Unasema, 'Asante Mungu, iko muzima'? Unasema iko mugonjwa, umuponyeshe. Mukubwa anayefanya mubaya iko mugonjwa, na ugonjwa yake inaua bantu mingi. Ukizoea kumuambia Mungu kweli juu ya bakubwa, redio haitakudanganya mbio. Na usipobaombea, roho yako itakuwa sawa na yabo. Mushiya alisikia ile neno kupita siye wote."

Jumapili iliyofuata kanisa lilikuwa na mabenchi matupu mengi. Mzee wa kanisa aliuliza nani ana zamu, na safari hii zamu ilikuwa ya Mignonne kweli. Alisimama. Alimwona Dodo ameketi nyuma na wenzake.

"Mungu Tata," aliomba, "bakubwa betu balikosa. Balifukuza majirani yetu, balibaita bilulu, na mi nilisema vile pia. Ubageuze roho. Utugeuze na siye. Mu jina la Yesu."

Hakuna aliyeitikia. Mzee wa kanisa alikohoa. Mtu mmoja nyuma alisonya. Mignonne alibaki amesimama peke yake, akimtafuta Mama Numbi kwa macho, na kabla hajamwona alisikia benchi likilia upande wa wanaume. Tata Kisimba, baba yake, alikuwa amesimama, kofia mkononi, na safari hii hakutazama viatu vyake.

"Amina," alisema kwa sauti iliyofika mlangoni. Kisha akamgeukia binti yake mbele ya watu wote. "Mutoto yangu, usikilize, na bengine basikilize. Mukendi alikuwa rafiki yangu. Amina ya uongo niliitikia mbio, na hii ya kweli nimeichelewesha mpaka treni imeenda. Weye usichelewe sawa na mi."

Akakaa. Mama Numbi akasema Amina, na baada yake watu wachache, wasiozidi benchi moja. Wengine walinyamaza, lakini kila mtu alikuwa amesikia.